Msiulize Kama Unaliwa, Ulizeni Unakula Nini

Hapa Msambweni uko mwembe mmoja mkongwe, si mbali na barabara iendayo Lunga Lunga, ambao kivuli chake ni cha kila mtu na shina lake ni la watu watatu. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa jambo hilo. Kwetu mtu aweza kuwa na kiwanja, na mwingine akawa na mti uliosimama juu ya kiwanja hicho, na wote wawili wakaishi kwa salama mpaka siku mti utakapoanguka. Mwembe huu ulipandwa na babu, ukarithiwa na wana, na sasa umo mikononi mwa wajukuu. Mmoja tunaye hapa hapa, wa pili anafanya kazi Mombasa, na wa tatu yuko Maskati miaka mingi. Asubuhi watoto wa chuo hukaa chini yake na juzuu zao. Jioni wazee hucheza bao.

Masika yaliyopita, mvua zilipokuwa zimekolea, kwenye maungio ya shina na mzizi mkubwa wa upande wa mashariki kilichomoza kitu. Mwanzo kilikuwa kama kidole gumba, cheupe, na watoto walikitekenya kwa vijiti. Baada ya wiki mbili kikawa kipana kama sahani ya wali, rangi yake nyekundu ya damu ya mzee, kinang'aa kama meza iliyotoka kwa seremala ikiwa imepakwa vanishi, na ukingo wake mweupe. Kisha kikatoka kingine chini yake, na cha tatu, vikapandana kama vigae.

Watu walikuwa na maneno. Fundi baiskeli wetu alisema uyoga ni uyoga, ukatwe, utiwe tui. Kijana mmoja mwenye simu akasema hasha, hii ni dawa ya Wachina, inauzwa kwa vidonge huko Nairobi, asiiguse mtu mpaka apatikane mnunuzi. Wazee wa bao hawakusema kitu, na kunyamaza kwao ndiko kulikonitia wasiwasi. Maana pamoja na uyoga lilikuja vumbi.

Vumbi lenyewe lilikuwa na rangi ya kakao, laini kuliko unga wa ngano. Lilitanda juu ya majani ya chini, juu ya benchi, juu ya ubao wa bao, na juu ya uyoga wenyewe. Ukilifagia jioni, alfajiri limerudi. Halikutoka barabarani, kwa sababu barabara yetu ni ya lami, na udongo wetu hapa ni mchanga mweupe. Basi likaanza kusemwa, kwa sauti ya chini, kwamba limenyunyizwa. Na ni nani awaye pale kabla ya adhana ya alfajiri? Ni bibi mmoja mjane, ambaye amekuwa akifagia chini ya mwembe ule tangu mimi sijaoa. Hana mtu nyumbani. Watoto wa mtaa mzima humwita wawe, kama Wadigo waitavyo bibi zao. Siku moja nikamwona mama kijana akimpokonya mwanawe kipande cha muhogo alichopewa na bibi yule, akakitupa mchangani, akaondoka bila ya kutoa salamu.

Ndugu msomaji, habari zetu unazijua. Katika Kwale na Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamechomewa nyumba wakiwa wamelala. Mara nyingi chanzo ni kidogo tu: mtoto kaumwa, ng'ombe kafa, shamba la ndugu limegombaniwa. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba habari ya uyoga ni habari ya watoto wa shule. Siku ile ya muhogo sikulala.

Nilipofikiri sana niliona kwamba sote tulikuwa tumeanza na swali lisilofaa. Tulipouona uyoga tuliuliza, unaliwa? Tulipoliona vumbi tukauliza, nani kalitia? Hakuna hata mmoja aliyeuliza uyoga wenyewe unakula nini.

UYOGA HAUNA JANI

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba kiumbe kisicho mnyama ni mmea, basi uyoga tukauhesabu pamoja na mchicha. Wataalamu wameiacha hesabu hiyo zamani. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alivigawa viumbe katika milki tano, na jamii ya uyoga akaipa milki yake yenyewe, mbali na mimea na mbali na wanyama. Sababu yake mtu yeyote mwenye macho aweza kuiona. Uyoga hauna jani. Mchicha hujipikia chakula chake kwa jua, lakini uyoga hauna jiko. Ni lazima ule kilichopikwa na mwingine, kama sisi.

Jambo la pili ni kwamba hicho tukionacho ni tunda tu. Mwili wa uyoga ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, nazo zimo ndani ya udongo, ndani ya samadi, ndani ya gogo au ndani ya mti ulio hai, na zaweza kukaa humo miaka bila ya kujionyesha. Zikipata unyevu na nafasi ndipo hutoa tunda. Anayeukata uyoga akadhani ameuondoa ni sawa na mtu aliyechuma embe akadhani ameung'oa mwembe.

Sasa ukishajua hayo, kila uyoga unakueleza habari ya kitu kingine. Chukua uyoga wa kichuguu, ule tuupendao. Una mzizi mrefu unaoshuka chini, na ukiufuata kwa jembe utafika kwenye chumba cha mchwa. Mchwa ndio wakulima wake. Wanatafuna kuni na majani makavu, wanatengeneza kitalu, na uyoga hukua juu yake. Mfaransa Roger Heim aliupa ukoo huo jina la Termitomyces mwaka 1942, na mwaka 1980 ukaandikwa mmoja wa Zambia ambao kofia yake hufika upana wa meta moja, mtoto akaweza kujikinga mvua. Kule Buganda uko ukoo mzima wa watu, ukoo wa Butiko, ambao mwiko wao ni uyoga. Hao hawawezi kusema uyoga ni uyoga kama alivyosema fundi wetu.

Na si kila uyoga ulio kwenye mizizi ni adui wa mti. Mbambakofi, mti uliotupa milango ya nakshi, hukua katika misitu yetu ya Pwani ukiwa na uyoga uliofunga ndoa na mizizi yake. Nyuzi za uyoga huivisha mizizi ile soksi, zikausaidia mti kupata maji na chumvi za udongo, na mti nao ukazilipa sukari. Ukiona viyoga vimeota ardhini chini ya mbambakofi, huenda unaiona karamu ya ndoa hiyo. Wenzetu wa kusini ya Tanzania na wa Katanga, wanaoishi katika misitu ya miombo, huvila viyoga vya namna hiyo msimu hata msimu na kuviuza kando ya barabara.

Lakini mwembe hauna ndoa na uyoga mwekundu ulio mgumu kama ubao. Huko ni kuliwa.

KARATASI CHINI YA BAKULI

Nilimchukua fundi, na kijana wa simu, na yule mjukuu tuliye naye hapa, tukaenda na kisu, karatasi nyeupe na bakuli. Sikwenda kama mtaalamu. Mimi ni mwalimu niliyestaafu ambaye amesoma kidogo na kuuliza sana.

Kwanza tuliondoa visivyokuwa. Juu ya mizizi ya miti huota vitu vinavyodanganya. Kiko kimoja kiitwacho Hydnora, ambacho hutoka ardhini penye mizizi ya migunga, kinene, chenye ngozi kama gome, kikifunguka ndani ni chekundu na harufu yake ni ya mzoga. Mtu akikiona huapa kwamba ni uyoga. Kumbe ni ua la mmea wa kweli, usio na jani wala rangi ya kijani, uishio kwa kuiba mizizini, na harufu ile ni ya kuwaita mende waje kuuchavusha. Chetu hakikuwa na harufu ya mzoga wala hakikuwa kwenye mgunga. Viko pia vile viyoga vyeusi viitwavyo Xylaria, vinavyotoka kwenye mizizi iliyooza kama vidole vya mtu vikichomoza kaburini. Namshukuru Mungu havikuwa hivyo, kwa sababu sijui hapo mtaa wetu ungesema nini.

Tukageuza upande wa chini. Uyoga wa kichuguu ukiugeuza utaona kurasa, kama za kitabu kilichofunguliwa. Huu haukuwa na kurasa. Ulikuwa na vitundu vidogo mno, kama umechomwa kwa sindano, na wote mweupe. Kijana akachukua kijiti akaandika jina lake juu ya weupe ule, na papo hapo herufi zikawa za kahawia. Tukaukata kwa kisu, ikabidi tuazime msumeno. Ndani ulikuwa kama kizibo cha chupa. Nikamwambia fundi, sasa leta tui. Akacheka, akasema afadhali apike ndara zake.

Usiku tukaweka kipande juu ya karatasi, vitundu vikitazama chini, tukafunika kwa bakuli. Hili ni jambo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya na halina gharama. Asubuhi tulipofunua, karatasi ilikuwa imepata unga wa rangi ya kakao, umepangika vizuri kufuata umbo la kipande. Tukaipeleka kwa wazee wa bao bila ya maneno mengi. Mzee mmoja alipitisha kidole juu ya karatasi, kisha akapitisha kidole kingine juu ya ubao wa bao, akavitazama vidole vyote viwili kwa muda. Kisha akasema, "Basi ni huu huu."

Ni huo huo. Vumbi lile ni spora, yaani mbegu za uyoga, kama mbegu yaweza kuwa ndogo kiasi hicho. Wataalamu wamekadiria kwamba uyoga mkubwa wa jamii hii waweza kutoa spora bilioni 30 kwa siku moja, na kuendelea hivyo kwa miezi. Zinadondoka kutoka kwenye vitundu usiku na mchana. Pakiwa pametulia, hewa huzipandisha na kuzishusha tena juu ya kila kilicho karibu, na ndiyo sababu kofia ya uyoga wenyewe hupakwa vumbi kwa juu ingawa vitundu viko chini. Afagiaye jioni atalikuta alfajiri. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Ningependa niseme kwamba siku ile ile kila mtu aliyemdhania vibaya bibi alikwenda kumwomba radhi. Hawakwenda. Lakini mnong'ono ulipoa, na mama wa muhogo siku hizi husalimu.

Kuhusu karatasi na bakuli nina jambo la kuongeza kwa wale wanaookota uyoga wa kula. Uko uyoga mmoja mweupe, mkubwa, mzuri wa kutamanisha, unaoota katika majani ya viwanja na bustani baada ya mvua. Kwa juu unafanana na unaoliwa, lakini ukiuweka juu ya karatasi hutoa unga wa kijani. Unaitwa Chlorophyllum molybdites, na mwenye kuula hutapika na kuharisha mpaka akalazwa. Huo karatasi itakufichulia. Lakini uko uuao kabisa, wa ukoo wa Amanita, ambao unga wake ni mweupe kama wa nyingi zinazoliwa, hivyo karatasi peke yake haitoshi. Sumu yake huharibu ini, haiondoki kwa kupikwa, na mtu hukaa saa 6 hadi 12 au zaidi pasipo kuhisi kitu, akilala na shibe yake. Atakapoanza kutapika uyoga umeshamalizika sufuriani na hakuna cha kumwonyesha daktari. Hifadhi kipande kimoja kibichi kila upikapo uyoga wa mwituni. Simaanishi uyoga wa mashaka. Wenye mashaka usiupike.

JINA LAKE

Sasa turudi kwa kijana wetu na dawa ya Wachina. Kwa ukoo hakukosea. Uyoga wenye ngozi inayong'aa, vitundu vyeupe vinavyogeuka kahawia, mwili wa kizibo na unga wa kakao, ni wa ukoo wa Ganoderma, na maana ya jina hilo ni ngozi ing'aayo. Ukoo ulipewa jina na Mfini Petter Karsten mwaka 1881. Lakini uyoga wa kwanza wa namna hiyo uliandikwa mapema zaidi, mwaka 1781, na Mwingereza William Curtis, aliyeupata Peckham, mahali ambapo leo ni mtaa wa London.

Hapo ndipo penye kisa. Wachina wamekuwa na uyoga wao wa dawa, lingzhi, kwa karne nyingi. Wataalamu wa Ulaya walipouona waliutazama wakasema, aa, huu ni ule ule wa Peckham, wakaupa jina lile lile. Vitabu vikaandikwa, chupa zikabandikwa jina hilo, biashara ikaenea dunia nzima. Mwaka 2012 wataalamu wa China walipolinganisha kwa makini waliona kwamba hizo ni aina mbili tofauti, na uyoga wao wakaupa jina lake, Ganoderma lingzhi. Waliokosea hawakuwa wajinga. Walikuwa na hadubini na maktaba. Walidanganywa na vanishi.

Basi kijana anayetaka kubandua uyoga wa mwembe wa Msambweni na kuuza kama dawa ya Wachina anauza nini? Anauza ndugu wa dawa. Ni sawa na kumpa mgonjwa jirani wa daktari. Aina za Ganoderma ni nyingi, zinatenganishwa kwa hadubini, na hakuna aliyepima ule wa mwembe wetu una nini ndani yake. Nilimwambia hayo akanung'unika kwamba wazee hatutaki vijana wapate fedha. Labda. Lakini akiuza na mtu akadhurika, hatanung'unika peke yake.

Kwa mwembe wenyewe, hata hivyo, jina la ukoo lilitutosha. Ukoo huu unakula mti. Una uwezo ambao ni viumbe wachache walio nao, wa kuvunja ile gundi inayofanya ubao uwe mgumu, na ubao ukishapoteza gundi hubaki nyuzi nyeupe zilizolegea. Kule Malaysia na Indonesia ndugu yake mmoja, Ganoderma boninense, ni msiba mkubwa wa mashamba ya michikichi. Huingia kwa mizizini au kwenye kidonda karibu na ardhi, hula kitako cha mti kutoka ndani, na juu majani yakabaki ya kijani na maembe yakaendelea kuzaa. Mwenye mti hana habari. Kisha siku moja ya kusi kali mti unalala chini na nusu ya mizizi haipo.

Tulipigapiga shina kwa nyuma ya shoka. Upande wa magharibi lilijibu kama mti. Upande wa mashariki lilijibu kama ngoma. Mjukuu akauchoma mzizi mmoja mnene kwa panga, na panga likaingia kama katika muhogo uliochemshwa.

Nani alaumiwe? Mimi nalikumbuka jambo ambalo wengi wamelisahau. Upande ule ule wa mashariki, miaka kadhaa iliyopita, ulichimbwa mtaro wa bomba la maji na mizizi ikakatwa kwa sururu kama kamba. Hakuna aliyesema neno, maana tulitaka maji. Na sisi wenyewe tumekuwa tukirundika majani makavu kwenye kitako cha mwembe na kuyatia moto, kila kiangazi, na kufunga mbuzi kwa kamba inayokwaruza gome. Vidonda tulivifungua sisi, uyoga ukaingia kwa mlango ulioachwa wazi.

Zimetolewa shauri za kumwaga mafuta ya taa, na chumvi, na maji ya betri. Zote ni kazi bure. Kilichomo ndani ya mti hakifikiwi na mafuta ya taa, na maji ya betri yataiua mizizi iliyosalia.

TUNATAKA NINI

Mtu mmoja aliniuliza kwa nini nisingekwenda kuuliza wakubwa. Swali zuri. Hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa mwaka 1902 na Wajerumani huko Amani, katika milima ya Usambara, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Amani ni ng'ambo tu ya mpaka wetu, nyuma ya Tanga. Sisi wa Kwale tulikuwa karibu na elimu hiyo kabla haijapandishwa bara, na kama ilivyo desturi, hatukuulizwa.

Vitabu navyo vipo, ila havisemi nasi. Mwingereza Pegler wa bustani ya Kew alitoa kitabu chake cha nyoga za Afrika Mashariki mwaka 1977, Kiingereza na Kilatini. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä kutoka Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu cha nyoga za Tanzania, na ubora wake ni kwamba waliwauliza wanawake wa vijijini majina na mapishi wakayaandika. Katanga nao walipata chao mwaka 2017. Kwetu misitu ya kaya imepimwa vizuri kwa upande wa mimea, tangu kazi ya Ann Robertson na Quentin Luke iliyochapishwa mwaka 1993, na kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwa miongoni mwao, ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mti wa kaya una jina kwa Kidigo, kwa Kiswahili na kwa Kilatini. Uyoga ulio juu ya gogo la kaya hiyo hiyo sijaona ukiandikwa jina lake la nyumbani. Nao ndio mfagiaji wa kaya. Kwa kuwa haikatwi miti humo wala halitolewi gogo, nani mwingine anayeyarudisha magogo yote yale kuwa udongo?

Duniani kote aina za jamii ya uyoga zilizokwisha kupewa majina ni kama 155,000, na wataalamu wa Kew mwaka 2023 walikisia kwamba zote pamoja hufika milioni mbili na nusu. Mtu asione haya kusema hajui. Lakini namwonea haya mwalimu anayechora ubaoni ule uyoga mwekundu wenye madoadoa meupe, wa vitabu vya hadithi za Ulaya, ilhali nje ya dirisha la darasa uko uyoga wa kweli, na mtoto hajapewa kisu, wala karatasi, wala bakuli.

Na afisa wa kilimo akija kutazama mikorosho na minazi, mtu ampeleke atazame vitako pia, si majani peke yake. Kaunti ina vijana waliosomea misitu. Kupigapiga shina kwa nyuma ya shoka hakuhitaji bajeti.

Majina nayo hayako mbali. Nilipokwisha kusoma yote hayo, siku moja nilikaa na bibi yule akichambua mchele, nikamsimulia habari ya Curtis na Peckham. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba alipokuwa msichana, kule kwao upande wa Ramisi, mwembe wa mjomba wake ulitoa vitu vile vile, na wazee wakawakataza watoto kulala kivulini na wakahamisha ng'ombe. Mti ulianguka mvua ya pili. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia.

"Mwanangu," alisema, "mlikuwa mnaulizana nyinyi kwa nyinyi."

Tulikutana kwa mjukuu wa hapa, tukakubaliana kwamba matawi ya upande wa chuo yapunguzwe kwanza na kisha mwembe ukatwe wote kabla ya vuli. Wa Mombasa alikubali kwa simu. Wa Maskati anasema mwembe ule ndio kitu pekee anachokikumbuka vizuri cha utotoni, na kwamba katika picha aliyotumiwa unaonekana mzima, majani tele. Alitumiwa picha ya pili, ya panga likiwa limezama mzizini. Amejibu kwamba atafikiri.

Watoto wamehamishiwa chini ya mkungu, upande wa pili wa njia, ambako kivuli ni haba na kufika saa nne jua limeshawafikia. Wazee wa bao wamekataa kuhama. Wamesogeza ubao hatua kumi tu kuelekea magharibi, na bado unapanguswa kila asubuhi kabla ya kupangwa kete.